Pampu ya Nyambizi ya Pili

Siku kaka yangu Jory alipoondoka kwenda zamu ya nyambizini, Mama alimfungia sambusa kubwa ya nyama na viazi, huku akimkaripia kwa kucha zake nyeusi.

"Unakwenda kazini na mikono hiyo? Watasema sikukulea."

"Mama, grisi hii ina heshima yake! Jana tumeng'oa pampu kwenye nyambizi ya pili, tukaifunga kwetu. Yetu imekufa, na ghalani hamna spea."

"Kwa hiyo mmeiba."

"Tumeazima. Wenyewe hawatoki mpaka waje kutupokea zamu."

Tulicheka. Hapa Plymouth, mji wa wanamaji, hilo halimshangazi mtu. Nyambizi za nyuklia hujengwa kwa mabilioni, kisha huishi kwa kuvuana vipuri.

Kabla ya safari kila baharia huulizwa: nyumbani kukitokea msiba, uambiwe hukohuko au ukisharudi? Jory alichagua kuambiwa akisharudi.

"Nikiwa chini ya maji nitafanya nini, dada? Nikumbatie mabomba nilie?"

Agosti daktari alituambia Mama ana kansa, na imeshafika kwenye ini. Mama hakulia. Aliuliza tu Jory anarudi lini.

"Mwisho wa Septemba, nyambizi ya pili ikiwapokea."

"Basi nitamngoja."

Akangoja kweli. Alikunywa supu asiyoitaka, akameza dawa zilizomtapisha. Kila wiki tuliruhusiwa kumpelekea Jory maneno machache. Habari za ugonjwa zingekatwa na ofisi ya jeshi, kwa hiyo nilimwandikia kuhusu paka, na timu yetu ilivyofungwa tena.

Septemba ikaisha. Binamu yetu Digory, fundi wa bandarini, akaja akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Ile ya pili haitoki, Loveday. Kina Jory wameongezewa muda."

"Kwa nini?"

"Haina pampu. Waliokuwa wakizitengeneza walishafunga kiwanda. Mpya bado inachongwa."

"Pampu gani?"

Akatazama chini. "Ile waliyoing'oa wao."

Mama akaita kutoka kitandani, "Digory! Mnanong'ona nini? Nina kansa, si uziwi."

Ikabidi aingie amwambie. Mama alilikunja shuka kwa vidole.

"Asijue habari ya pampu," akasema. "Mwambieni nilikwenda usingizini, basi."

Hakwenda usingizini. Alifariki Oktoba, asubuhi, akiuliza leo ni tarehe ngapi. Ofisi ilileta maua na kadi ya kutushukuru kwa subira yetu. Tulimzika mvua ikinyesha, na wiki hiyo nilimwandikia Jory kwamba majani yameanza kupukutika bustanini.

Nyambizi ya pili imeshatoka. Jory anaingia Alhamisi. Kasisi wa jeshi atapanda kwanza nyambizini kumwambia. Jamaa husubiri nje ya lango la bandari.