Get na Firigisi

Maman Claudine alijua Kiluba, Kiswahili cha Likasi, Kifaransa, Kilingala cha kupigia soga na Kiholanzi cha kutosha kuwaogesha wazee wa Jette, huko Brussels alikofanya kazi, bila kugombana nao. Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Na mjukuu wake alikuwa na Kiingereza tu.

Mtoto aliitwa Donat, jina la marehemu mume wa Claudine. Kwa desturi ya kwao, basi, mtoto huyo alikuwa ndiye mume wake, na bibi alimwita hivyo mbele za watu bila kuona haya. Shida ni kwamba mume mwenyewe alikulia Leicester, Uingereza. Mara ya mwisho alipoletwa Brussels alimng'ang'ania mama yake, Emmanuella, tangu siku ya kufika mpaka ya kuondoka, na kila bibi aliponyoosha mikono alilia kama ameonyeshwa sindano. Claudine alicheka mbele yao. Walipokwenda zao alikaa jikoni akalia yeye, maana aliona anampoteza Donat kwa mara ya pili.

Akajiandikisha darasa la jioni la Kiingereza huko Ixelles. Mwalimu aliwaambia kwamba mtu akilishika neno moja tu, get, hatapotea njia wala kulala njaa. Claudine alilishika kwelikweli. Kununua mkate ni get. Kuamka ni get, kushuka kwenye basi ni get, kumwelewa mtu ni get, kuzeeka nako ni get, hata baridi ikianza kuingia. Alilipenda neno hilo. Lilimkumbusha kitenge: unajifunga, unabebea mtoto, unatandika, mvua ikija unajifunika. Akawa analinong'ona kwenye metro, na abiria wa Molenbeek walioona midomo yake ikicheza walidhani anasali, wakampisha akae.

Pasaka ya 2014 wageni wakaja. Donat alikuwa na miaka saba sasa, meno ya mbele yameng'oka, adabu tele, maneno hakuna. Jumamosi Emmanuella akaenda kusukwa nywele, akawaacha wawili nyumbani.

Claudine alipika kuku. Kwao firigisi ni ya baba mwenye nyumba, mwanamke haigusi. Tangu afiwe alikuwa akinunua mapaja na mabawa tu, asikutane nayo. Siku hiyo alinunua kuku mzima. Akaiweka firigisi peke yake katika sahani, akakunja magoti kidogo, akamwandalia mume wake.

Donat akaitazama. Kisha, taratibu na kwa heshima zote, akaisukuma sahani katikati ya meza.

Kiingereza chote kikamtoka Claudine. Lilibaki neno moja. "Get," akasema, akionyesha sahani kwa kidole. Papo hapo akajisikia kama anayemtuma mbwa, na aibu ikamshika. Akavuta kiti akaketi, akarudi kwenye lugha yake.

"Bon, bwana yangu. Kama haupendi, acha tu. Ule Donat mwingine alikuwa anaikata mara mbili, ananipa nusu ya kujificha, juu banamuke habakulake firigisi. Bantu bangeona, bangesema."

Alisema huku mikono ikisimulia: kisu kikikata, nusu ikipita chini ya meza, na yeye mwenyewe akitafuna harakaharaka, mashavu yamejaa, jicho moja mlangoni. Alimwiga na marehemu pia, alivyokuwa akikohoa kwa nguvu mtu asisikie mke akitafuna.

Donat akacheka, na lile pengo la meno likaonekana lote.

Akaivuta sahani. Akashika kisu. Firigisi iliteleza, ikamkimbia mara kadhaa, akaifuata mpaka ikakatika. Akatazama mlango, akakohoa kama mzee, akapitisha kipande chini ya meza hadi mkononi mwa bibi.

"You get half," akanong'ona.

Get hilo darasani halikufundishwa, lakini Claudine alilielewa kabla halijamtoka mtoto mdomoni. Nusu ilikuwa yake. Akatafuna machozi yakimtiririka, na Donat, bila meno ya mbele, akahangaika na yake mpaka akaimaliza.

Emmanuella aliporudi alichungulia sufuria.

"Mama, firigisi ilikuliwa na nani?"

Donat hakuelewa swali, ila aliona mama yake anatafuta nini. Akamtazama mke wake, akakohoa.