Aliyebaki Ng'ambo kwa Hiari Yake

Jumanne moja ya Agosti, mwaka 1974, Odilia alishuka kwenye baiskeli karibu na kijiji cha Zombo ili arudishe mnyororo uliochomoka. Alikuwa bibi shamba wa eneo lile, na siku hiyo alitumwa kumshawishi mama mmoja, Bi Costancia, akubali kuhamia kijiji kipya cha ujamaa. Alipoinua macho, mikono imejaa grisi, alimwona Cleopa, mtoto wa huyo mama, akija kwa miguu. Alivaa koti zito la sufu, na mabegani alikuwa na theluji.

"Odilia, hapa palikuwa na shamba la mjomba," alisema Cleopa. "Mbona pamekuwa barabara?"

"Walipima upya. Nyumba ya mama yako bado ipo. Panda."

Akampakia kwenye keria. Baridi ilimpenya mgongoni mpaka kwenye meno, lakini hakuogopa hilo. Aliogopa wasije wakaonekana pamoja.

Miaka mitatu nyuma, wanafunzi kumi wa chuo cha kilimo walipelekwa nchi moja rafiki, mbali huko kaskazini, kujifunza kilimo cha pamoja. Odilia aliikumbuka safari ile vizuri: mkate mweusi, soksi walizovaa mbilimbili, wimbo walioimba kwenye treni mpaka mkagua tiketi akaomba waurudie. Aliikumbuka pia jioni ambayo Cleopa alimuuliza mkulima mmoja mzee, "Walipounganisha mashamba yenu, mliulizwa?" Mkalimani alinyamaza. Yule mzee alielewa hivyo hivyo, akaanza kulia. Kulipokucha, kitanda cha Cleopa kilikuwa kimetandikwa na mwenyewe hayupo. Kiongozi wa msafara, Bwana Vitalis, aliwagawia karatasi iliyosema mwenzao amebaki ng'ambo kwa hiari yake. Wote tisa walitia sahihi. Odilia alikuwa wa nne.

Walimkuta Bi Costancia anapepeta mahindi.

"Shikamoo, mama," alisema Cleopa.

"Marahaba. Umekonda. Ingia ule."

Akampa ugali na mlenda. Tonge lilimgandia vidoleni, akalitafuna likilia kama changarawe. Magreti, jirani, alikuja kumsabahi, akaweka kibuyu chake cha maziwa karibu na miguu ya mgeni yasiharibike na joto. Mpaka alasiri vibuyu vilikuwa vinne.

"Walinikalisha chumba kisicho na dirisha," Cleopa alimweleza mama yake. "Halafu wakanitoa nje, nikalala kwenye theluji."

Mama alitikisa kichwa, akamgeukia Odilia.

"Waliniambia mwanangu kanikimbia. Miaka mitatu nachota maji peke yangu, wenzangu wanasema nimezaa msaliti. Nimegoma kuhama ili akirudi anikute. Sasa kesharudi. Wewe ulikuwepo, mwanangu. Sema mbele ya watu kwamba hakubaki kwa kupenda, nami nitahama bila kusukumwa."

Odilia alishika baiskeli yake. "Kesho, mama," alisema.

Kesho yake Bwana Vitalis, ambaye sasa ndiye aliyesimamia uhamisho, alifika na lori na mgambo sita. Watu walikusanyika uani. Alimkuta Cleopa ameketi katikati ya vibuyu.

"Cleopa," alisema. "Kwenye faili wewe uko ng'ambo."

"Niko hapa, bwana."

"Kwenye faili uko ng'ambo." Kisha akamgeukia Odilia, kwa sauti ya upole. "Bibi shamba, sahihi yako ipo. Ikiwa ilikuwa ya uongo, itabidi tukuulize ulidanganya kwa niaba ya nani."

Odilia alimtazama Bi Costancia, naye alikuwa anamngoja. Alifikiria chumba kisicho na dirisha. Alifungua mdomo akiwa amekusudia kabisa kusema kweli.

"Alibaki kwa hiari yake," alisema.

Magreti aliinama akachukua kibuyu chake. Bi Costancia aliingia ndani, akaanza kutoa mikeka.

Mgambo waliezua paa. Cleopa aliwasaidia kubeba nguzo mpaka kwenye lori, nao walimsihi aangalie asiteleze, maana kila alipokanyaga paliloa.

Wiki iliyofuata, katika kijiji kipya, viwanja na mashamba viligawiwa. Odilia alikaa mezani, anaandika. Bi Costancia alipofika zamu yake alisema, "Sisi tuko wawili." Cleopa alikuwa amesimama nyuma yake, koti limefungwa vifungo vyote, jembe mkononi.

Bwana Vitalis alikuwa mbali, anapima kwa kamba eneo la zahanati. Hakuwa hata anatazama upande ule.

Odilia aliandika: mtu mmoja.

"Anayefuata," alisema.