Kijiti cha Midomo na Mashavu

Mimi si mtu wa kusifu vitu vya bei rahisi. Nimeshanunua viatu vilivyoachia soli kabla sijafika navyo nyumbani. Kwa hiyo yule dada anayeuza vipodozi jirani na karakana yetu ya ushonaji aliponionyesha kijiti kifupi chenye mfuniko wa plastiki, akaapa kwamba kinapakwa midomoni, mashavuni na hata juu ya macho, nilimcheka waziwazi.

"Na chai kinachemsha?" nikamuuliza.

"Dada, jaribu kwanza ndiyo unitukane."

Nilikinunua kwa sababu ya mama, ingawa sikumwambia mtu.

Mama ndiye fundi. Mimi ni wa kupiga pasi, kutia vifungo na kugombana na wateja. Tangu atoke hospitali, midomo yake ilikuwa imepauka na mashavu yameingia ndani, naye akaapa kwamba mteja hatamwona hivyo. Akahamishia cherehani nyuma ya pazia, mimi nikaachiwa kupima watu na kukata vitambaa. Kupima si lelemama. Bwana mmoja nilimpima suruali ikamfika kifuani. Wateja wakaanza kutuhama mmoja mmoja, hadi kwenye ushonaji akabaki wa kutegemewa mmoja tu, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Koti la kwanza nililompima lilimbana makwapani. Akatutumia ujumbe kwamba Alhamisi angekuja kujaribu la pili, na lisipomkaa, atachukua vitambaa vyake vyote apeleke kwingine.

Mama alisoma ujumbe ule mara mbili. "Utampima wewe," akasema. "Mimi mbele siendi."

Maji yalikuwa yamezidi unga. Lakini ningemwambia ajipake rangi angenirushia mkasi, kwa hiyo nikaona nianze na uso wangu.

Jumatano asubuhi nikasimama mbele ya kioo cha wateja, kijiti mkononi. Midomoni kiliteleza vizuri, hakikukwaruza. Mashavuni nilichora mstari huku na mstari huku, nikashtuka, nikajua nimejiumbua. Nikasugua kwa kidole. Mistari ikayeyuka, ikabaki rangi ya mtu aliyetoka kutembea haraka. Kilichobaki kidoleni nikakipitisha juu ya macho. Nilimaliza kabla pasi haijapata moto. Nikajitazama nikitafuta kosa, na mimi nikilitafuta kosa huwa nalipata. Sikulipata.

Nikasema, ngoja mvuke uanze. Karakana yetu ina dirisha moja, na siku hiyo nilikuwa na rundo la sare za wahudumu wa hoteli za kunyoosha. Jasho lilinitiririka hadi mgongoni. Poda yangu ya bei mbaya ingekuwa imeshafika kwenye kola. Kijiti kilikaa. Nilipokunywa chai kikombe kilipata alama kidogo, na baada ya chakula cha mchana ilibidi niguse midomo tena, hilo silifichi. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mashavu yalikuwa vilevile nilivyoyaacha asubuhi. Nilijikuta napita mbele ya kioo bila kazi yoyote.

Kila nilipopita karibu na pazia, cherehani ya mama ilinyamaza. Jioni, akikusanya pini zake, akauliza, "Hicho kitu bei gani?"

Nikamtajia.

"Mwongo wewe."

"Haki ya Mungu, Mama."

Akanyoosha mkono bila kunitazama.

Alhamisi alijipaka mwenyewe, nami nikamchungulia kwenye upenyo wa pazia. Hakuchora mistari kama mimi. Aliweka vidoa vidogo kila shavu, kama anayeshikiza kitambaa kwa pini kabla ya kushona, akavikandamiza kimoja kimoja kwa dole gumba hadi vikazama ndani ya ngozi. Midomoni akapitisha mara moja tu. Hakunenepa, wala mifupa haikwenda popote. Lakini alikuwa mama yangu, yule ninayemjua, na roho yangu ilijaa. Nikamwambia pazia linanuka vumbi.

"Basi lifue," akasema. Akatia kijiti kwenye mfuko wa aproni, akatoka mbele.

Mwalimu mkuu ni mwanamke mrefu anayesalimia kama anaita mahudhurio. Alipomkuta mama amesimama pale, alisahau hata kutusalimia.

"Fundi!"

"Karibu, Mwalimu. Vaa koti tuone."

Koti la pili nililikata kwa woga wa lile la kwanza, kwa hiyo sasa lilimpwaya kama gunia. Mama akamzunguka, akabana kitambaa ubavuni kwa vidole viwili. "Nani alikata hili?" akauliza, na anajua vizuri ni nani. Mimi nikaanza kutafuta kifungo ambacho hakikupotea. Akaingiza mkono mfukoni bila kuangalia, kama afanyavyo miaka yote, akavuta mstari mrefu kutoka kwapani hadi kiunoni.

Chaki yetu ni ya buluu. Mstari ule ulikuwa mwekundu, mnono, unang'aa, juu ya kitambaa cha rangi ya maziwa.

"Hiyo ni nini?" Mwalimu mkuu alikuwa ameuona kwenye kioo.

"Ni mimi, Mwalimu, nili—"

"Nyamaza wewe," mama akanikata. Akakiinua kijiti ili mteja akione. "Ni rangi ya midomo. Nimedhani nimeshika chaki. Nisamehe. Nitashona upande wa huku, mstari ubaki ndani ya mshono. Hutauona tena."

Mwalimu mkuu hakuutazama mstari. Alimtazama mama usoni, muda mrefu.

"Nami nilipoingia nikasema moyoni, kumbe fundi ameshapona."

Ningekuwa mimi ningedanganya palepale. Ningesema ndiyo, amepona kabisa, tuendelee na koti. Mama aliinua uso, mwanga wa taa ukauangukia wote.

"Sijapona, Mwalimu. Dawa naendelea nazo. Nimerudi kazini tu."

Mwalimu mkuu akanyoosha mikono yote miwili pembeni, akakaza mgongo kama mmoja wa wanafunzi wake.

"Basi endelea, Fundi. Huu mkono wa kushoto nao umekuwa mrefu."

Mama akaingiza mkono mfukoni, safari hii akaangalia kwanza alichoshika, akacheka kwa sauti. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alazwe.