Mbwa wa Ituko Wawahi Kahawa

Mwaka mzima Inaluk hakumsemesha mkwewe Ituko, mume wa bintiye. Alipotimiza miaka sabini, kijiji kizima cha Siorapaluk, huko Greenland, kilikuja kwake kunywa kahawa isipokuwa Ituko, eti mbwa wake wanaumwa. Kumbe mwenzetu alikuwa barafuni akiwinda sili! Leo bibi anatimiza sabini na mmoja, na Ituko amemwapia mkewe kwamba asipofika, asiitwe mwanamume.

Tatizo ni Torkild, mgeni kutoka Denmark, aliyemkodi yeye na mbwa wake wa kuvuta sleji, gari la kuteleza barafuni, tangu asubuhi.

"Nataka mahali ambapo hajakanyaga mtu," alisema.

"Bwana, hapa panatosha. Piga picha turudi."

"Mbona naona mawe ya hema?"

"Ya mjomba wangu. Huyo hahesabiki, alikuja kuvua tu."

Torkild akakataa katakata. Wakaenda, wakaenda, mpaka kamba za mbwa zikasokotana. Ituko akashuka kuzifungua, roho juu, akiwaza kahawa tu. Haraka hiyo ndiyo iliyomponza, maana hakukita nanga ya sleji kwenye barafu, jambo ambalo hata watoto wa Siorapaluk hawalisahau. Fundo la mwisho lilipoachia tu, mbwa wote kumi na wawili wakachomoka kurudi nyumbani, Torkild juu ya sleji akipiga mayowe.

"Breki iko wapi?"

"Huko nyuma!"

"Siioni!"

"Basi shikilia roho yako!"

Ituko akatembea saa tatu, akijitukana njia nzima. Kwao, mwenye mbwa akirudi kwa miguu huchekwa mpaka azeeke. Mbwa aliwakuta mlangoni kwa Inaluk, wakitafuna mabaki ya nyama. Ndani, Torkild alikuwa ameketi kando ya bibi, mashavu yamejaa ngozi ya nyangumi, kitoweo cha sherehe. Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Inaluk hakucheka.

"Leo mbwa wamekuja wenyewe," alisema. "Mwaka jana nani hasa alikuwa mgonjwa?"

Aibu ikamshika Ituko. "Hakuna, mama. Nilifuata sili, nikakudanganya. Nisamehe."

Bibi machozi yakamlengalenga. Kisha akainama, akamvua viatu vilivyolowa kwa mikono yake mwenyewe, akavianika juu ya jiko.

"Wewe mgeni," akamwambia Torkild, "hebu sogea. Hapo anakaa mwanangu."