Maua ya Anaclet

Mtu asikudanganye kwamba ua ni kitu kipole. Yale maua ya manjano ya Mama Wivine, kule mtaa wa Ruashi, yalikuwa kama mgeni anayeomba kulala siku mbili, na kesho unamkuta ameleta kitanda. Marehemu mumewe, Anaclet, dereva wa lori, aliokota mbegu chache kando ya barabara alipokwama siku nne kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, akamletea mkewe katika mfuko wa shati. Sasa Anaclet hayupo, na maua yamepita paa, yameegemea ukuta, yameangukia kwa jirani.

Jirani mwenyewe ni Mama Nafisa, Mwislamu mwenye asili ya Maniema, anayelisha nyumba nzima kwa bustani ya mboga za lengalenga. Na lengalenga hiyo ilikuwa haioni jua tena.

"Mama Wivine, mi nakuheshimu," alisema, mikono kiunoni. "Lakini ile maua yako inakula chakula ya batoto bangu. Jumapili ikipita na iko bado, ntakuja na panga mimi mwenyewe."

Mama Wivine alijua haki iko upande gani, na hilo ndilo lililomuuma. Kila alipoinua panga, alimwona Anaclet akicheka, mkono mfukoni. Akalirudisha jikoni.

Basi Jumapili hiyo ilikuwa sikukuu ya Ekaristi, padri anapopita njiani na Sakramenti, na watoto wanatangulia wakimwaga maua. Juni, baridi na vumbi tupu! Ijumaa akafika Marceline, mkuu wa jumuiya yao ya kanisa, machozi yakimlengalenga: wamepewa kazi ya kupamba njia yote, na hana hata kikapu kimoja cha maua.

Mama Wivine akatazama ukutani. Eh, Anaclet, unaona mambo yako? Akachukua panga, na safari hii mkono ukatii.

Mama Nafisa kusikia panga, akaja mbio na lake. "Mambo ya kanisa yenu mi siijue," alisema, "lakini kukata, najua!" Walikata Jumamosi nzima, wakitaniana na kucheka. Jembe la Mama Nafisa likang'oa mashina yote, Mama Wivine akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Kawaida hunyofolewa petali za ua moja moja, lakini nani alikuwa na muda? Wakajaza vikapu vichwa vizima, vibichi kwa vikavu.

Mkulima yeyote ameshacheka hapo. Kichwa kikavu ni nini kama si mbegu? Watoto walizimwaga njia nzima, na waumini wakazikanyagia ardhini vizuri kabisa.

Mvua zikaja. Kufika Aprili, njia yote ya padri ilikuwa manjano, mitaroni, milangoni, hata kwa wale waliokuwa wakimcheka Mama Wivine. Alisimama barabarani akacheka mpaka akakaa chini. Kwake tu ndiko hakukuwa na hata shina moja.

Jioni hiyo Mama Nafisa akamwita ukutani. Alikuwa amebeba ndoo kuukuu, na ndani yake ua moja, limefungwa kwenye kijiti.

"Nafisa! Na wewe tena?"

"Niliokota kichwa kimoja siku ile tulikata, nikapanda. Ndani ya ndoo haiwezi kwenda kwa manyumba ya bantu bengine." Akaipitisha juu ya ukuta. "Baba Anaclet, wakati alikuwa muzima, alitembea sana. Sasa akae nyumbani."

Mama Wivine akaipokea kwa mikono miwili.