Jino la Mkwe wa Ukoo wa Tembo

Hutaamini, lakini jino lilitoka. Mbele ya wakwe, mchana kweupe. Subiri nianzie mwanzo.

Garikai alikuwa kijijini Mutoko, kwa kina Shuvai mchumba wake, siku ambayo baba yake Shuvai angetamka kama anampa binti au hampi. Basi kijana kakaa mkekani, miguu kaikunja, kila akitaka kusema anapiga makofi ya heshima kwanza.

Mzee akamuuliza ukoo.

"Nzou, Baba. Watu wa tembo."

"Na nyama ya tembo?"

"Hata harufu yake siijui, Baba."

"Vizuri. Mtu akila mnyama wa ukoo wake, meno yanamtoka. Na mimi mwanangu simpi mtu anayejila mwenyewe."

Ikaja sadza ya moto, ugali wa kule, na bakuli la pimbi wa pale pale majabalini, kapikwa kwa karanga. Kapika mama mkwe kwa mkono wake. Mkwe akiacha chakula hicho, basi kawakataa wote, mpaka na kuku.

Hapo akaingia Chiedza, mdogo wake Shuvai, simu mkononi. Na kule shemeji ana ruhusa ya kukutania mpaka ulie.

"Shemeji, unamla mdogo wako?"

"Mdogo wangu yupi?"

"Huyo bakulini. Nimesoma hapa. Tembo na pimbi babu yao mmoja, wa Afrika hii hii, zamani sana. Wajukuu wakatawanyika. Mmoja kaingia baharini, ndiye nguva. Mwingine kazama ardhini kutafuta mchwa, ndiye muhanga. Yupo na sange, umbo la panya na kamkonga kake. Nyie tu ndio mliopata mwili."

"Huyu hana mkonga."

"Mwangalie meno ya mbele. Hizo ni pembe, shemeji, zimekosa lishe tu."

Kichwa cha pimbi kilikuwa juu kabisa ya bakuli. Garikai akatamani asikione.

Mzee akaacha kutafuna. "Chiedza, ni kweli hayo?"

"Wataalamu ndio wanasema, Baba. Mimi nasoma tu."

Mzee akamsogezea Garikai bakuli. "Ukoo tuliachiwa na mababu, si na simu. Kula, mwanangu. Tutaona."

Hiyo "tutaona" ndiyo iliyommaliza. Akachukua paja, akauma. Kacha! Lile jino la mbele, lililokuwa likicheza tangu Jumatano alipolitumia kufungulia chupa ya soda, likamlalia ulimini.

Akafunga mdomo. Sasa nani atamwamini habari za soda? Akilitema, Shuvai hampati.

"Mbona mkwe kanyamaza?" mama mkwe akauliza kutoka jikoni. "Hajaipenda mboga?"

Garikai akafinyanga tonge kama ngumi, akalisukuma ndani, akameza vyote, sadza na jino. Machozi yakamlengalenga. Akapiga makofi.

"Mmm," akasema, midomo imebana.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Anakula kama tembo mwenyewe. Haya, nimempa."

Shuvai akapiga vigelegele huko jikoni. Garikai anataka kushukuru, hawezi. Na Chiedza huyo, kachuchumaa mbele yake, simu juu.

"Picha ya kwanza ya familia, shemeji. Cheka basi, meno yaonekane."

Mzee naye kageuka, anangoja kumwona mkwe wake akicheka. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?