Upande wa Ukutani

Gélase aliapa mbele ya patroni wake, Suud, kwamba kushona kitabu hakuhitaji watu wawili. "Mi peke yangu natosha," alisema. "Hata usingizini nafunga kitabu." Alisema kweli nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyomponza.

Imprimeri yao, karakana ya kuchapa vitabu, iko mtaa wa Bwiza, imebanwa kati ya baa na duka la vitenge. Kwa miaka kumi na tisa Gélase alifunga vitabu pamoja na Uthmani, mzee mwenye maneno ya kunata kuliko gundi. Macho yake yalipochoka, Uthmani akahamia Rumonge kwa binti yake. Kigoda chake kikabaki upande wa ukutani, na Gélase hakutaka makalio mengine yakikalie. Suud akakubali kwa sharti moja: vitabu mia vya nyimbo za kwaya viwe tayari Ijumaa. Vikiharibika, Jumatatu mtu mpya atakaa pale.

Karatasi zikishachapwa hukunjwa, na kila mkunjo wenyewe huuita kaye. Kaye nane zikishonwa pamoja, ndiyo kitabu. Marundo manane yalipangwa mezani, manne dirishani, manne ukutani, kama siku zote. Gélase akaokota, akagonga kingo, akashona, akapaka gundi. Aliwasha redio apate sauti ya mtu, kisha akaizima. Ilisema sana lakini haikujua kumtania. Alhamisi mchana vitabu sitini vilikuwa tayari. Vilionekana vyembamba. Akajisifu moyoni kwamba kumbe miaka yote Uthmani alikuwa habani karatasi vizuri.

Elvire, mwalimu wa kwaya, akapita kuangalia. Alifungua kimoja, akawa anaimba chinichini, mpaka ukurasa wa sitini na nne wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Akafungua cha pili. Cha tatu. Vyote vile vile.

Gélase akaitazama meza. Marundo ya dirishani yalikuwa yamepungua. Ya ukutani hayajaguswa. Miaka kumi na tisa yeye aliokota ya dirishani tu, akanyoosha mkono, na Uthmani akamwekea nusu ya pili kiganjani. Safari hii miguu ilikuwa ikigeuka yenyewe kabla ya kufika kwenye kigoda.

Akamwambia Elvire kwamba hizo ni sampuli tu, nusu iliyobaki inakuja, kwaya ilale salama. Elvire akamtazama kidogo, akaaga, akatoka.

Gélase akaokota kaye zake nne, akazigonga mezani, akanyoosha mkono kuelekea kigoda, kiganja wazi.

"Leta basi, muzee," alisema. "Unanichelewesha."

Akangoja.

Mtu akakohoa mlangoni. Elvire alikuwa amerudi kuchukua mwavuli wake, na alikuwa amesimama pale muda wa kutosha.

"Baba Gélase," alisema polepole, "unamungojea nani?"

Mkono ulikuwa bado hewani.